Mnunuzi kapitiliza muda wa mkataba wa nyumba, naweza kumuuzia mwingine? (Tanga)

Dada Mkubwa wa 14 · Jumapili saa 3:10 usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naombeni mawazo maana hapa nilipo usingizi haupo na ndugu zangu kila mmoja ananivuta upande wake.

Ni hivi. Baba yetu Mungu amrehemu katuachia nyumba barabara ya 14 hapa Ngamiani, vyumba sita, ya zamani lakini imesimama, uani kuna kisima. Mimi ndo msimamizi wa mirathi, mahakama ilinipa barua mwaka jana. Warithi tuko watano, tukakubaliana tuuze tugawane kila mtu ashike chake. Mwezi wa pili akapatikana mnunuzi, wala si mtu baki, ni mume wa binamu yetu namwita shemeji, yeye yuko Dar kikazi. Bei milioni 45. Tarehe 12 Februari akatoa 15 taslimu mbele ya watu, tukachapisha mkataba steshenari, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, mashahidi wawili kwangu wawili kwake. Mkataba wenyewe una mistari kama kumi, unaohusika ni huu naunakili kama ulivyo:

"Mnunuzi atamaliza shilingi milioni thelathini zilizobaki ndani ya miezi mitatu kuanzia leo. Asipomaliza mkataba huu utakuwa umekufa na fedha aliyotoa haitarudishwa."

Miezi mitatu ikaisha 12 Mei. Kimya. Nikipiga simu mara yuko kwenye kikao mara mtandao mbovu. Mwezi wa saba akatuma milioni 2 kwa simu, basi tena kimya mpaka leo tunaingia Novemba katikati. Na humo katikati alishaleta tofali kama 600 kazipanga uani na mlango wa uani katia kufuli lake, eti asiibiwe.

Sasa kuna baba mmoja wa Pongwe kaja na milioni 52, pesa ipo, anataka aanze kukarabati kabla ya mwaka mpya. Kaka yangu anasema mkataba ushakufa umeandikwa hapo, tuuze, tukate kufuli, na zile 17 tusirudishe hata senti. Mdogo wetu wa mwisho anasema tutafungwa. Mimi ndo jina langu liko kwenye karatasi. Je naweza kuuza? Na hela yake inakuwaje?

---

Simba wa Kange · saa 3:24

Uza dada. Mkataba umekufa, umezikwa, na arobaini yake ishapita. Mtu miezi sita hajulikani alipo halafu unamuogopa? Tofali mpelekee kwao.

---

Karani Mstaafu · saa 4:02

Dada marahaba, na pole kwa msiba hata kama ni wa zamani. Mimi si wakili. Nimekaa meza ya karani kwenye baraza la ardhi miaka 19 mpaka nikastaafu, kwahiyo karatasi kama hiyo yako nimezipokea nyingi sana na wenye nazo nimewaona wakitoka.

Usimsikilize huyo hapo juu kwanza. Mkataba haujizimi wenyewe kama chemli iliyoishiwa mafuta, hata ukiandika "utakuwa umekufa". Mmoja akikosea, yule aliyekosewa ndo anapata kuchagua, aendelee nao au auvunje, na akichagua kuuvunja lazima mwenzake aambiwe. Wewe mpaka sasa hujamwambia kitu. Kwa hiyo ukimuuzia mtu wa Pongwe kesho asubuhi, shemeji atakuja na karatasi yake na atasema mkataba wangu ulikuwa hai na huyu mama kauza nyumba mara mbili, na baraza litamsikiliza.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 55. Kinasema kama nia yenu ilikuwa muda ndo kiini cha mapatano, yaani tarehe ni ya lazima, na mwenzako akapitiliza, unaweza kuuvunja. Kama muda haukuwa kiini huwezi kuuvunja kwa sababu ya kuchelewa tu, unadai fidia basi. Na kwenye mambo ya ardhi na nyumba mahakama si wepesi wa kusema muda ndo kiini isipokuwa mmeandika wazi au mambo yenyewe yanaonyesha. Sasa ule mstari wako wa "asipomaliza mkataba umekufa" unakusaidia, unaonyesha mlikuwa makini na tarehe. Ila kuna kitu kinanitia wasiwasi.

Zile milioni 2 za mwezi wa saba. Ulimjibu nini alipotuma? Na je hati ya nyumba ina jina la nani sa hivi? Na hela 15 iko wapi? Na kulikuwa na wapangaji? Nijibu hayo kwanza maana jibu langu linategemea hapo hasa la kwanza.

---

Dada Mkubwa wa 14 · saa 4:31

Asante sana mzee wangu. Ujumbe wake bado ninao kwenye simu, aliandika "Shemeji nimetuma m2 zingine mkopo wa kazini ukitoka namaliza zote nivumilie kidogo". Mimi nikamjibu "Haina neno shemeji ukipata utatuma, nyumba haikimbii".

Hati ilikuwa ya marehemu lakini mwezi wa nne nilishaingizwa jina langu kama msimamizi, hilo liko sawa. Wapangaji walikuwepo wawili, vyumba vya mbele, kila chumba elfu 40 kwa mwezi, shemeji mwenyewe alisema tuwatoe anataka nyumba tupu, wakatoka mwisho wa Februari.

Hela 15 tuligawana milioni tatu tatu siku ileile. Kaka kanunua bodaboda, imeshagongwa. Wengine ada za watoto. Ile 2 ilitengeneza paa la kwa bibi. Haipo.

---

Simba wa Kange · saa 4:33

NYUMBA HAIKIMBII 😂😂😂 dada umejimaliza

---

mlimani_mwakidila · saa 4:40

Tanga kwa upole jamani. Mtu anadaiwa milioni 28 anajibiwa haina neno

---

Karani Mstaafu · saa 5:15

Acheni kumcheka, nusu ya watu wa mji huu wangejibu hivohivo kwa shemeji yao, ungeandika nini, "lipa au uondoke"? Ungeitwa huna adabu mpaka kwenye harusi.

Lakini kisheria dada hapo ndipo penye tundu. Mei ilipopita ulikuwa na haki ya kuuvunja. Julai ukapokea fedha nje ya muda, tena kwa maneno mazuri, na hukumpa tarehe mpya. Maana yake umemwonyesha kwamba mkataba unaendelea na muda umeulegeza. Kilekile kifungu cha 55 kina kipande cha mwisho ambacho watu hawakisomi, ukipokea utekelezaji uliochelewa bila kumwambia palepale kwamba utadai, fidia ya ule ucheleweshaji umeisamehe. Na usifikiri ujumbe wa simu hautapokelewa. Tangu ije Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji na hata wasapu ni ushahidi, shemeji ataonyesha hiyo "nyumba haikimbii" na hakimu ataisoma kwa sauti, nimeshuhudia mambo ya aina hiyo, watu wanainamisha vichwa.

Sio mwisho wa dunia. Muda uliolegezwa unakazwa tena, kwa notisi. Unamwandikia barua, unampa siku za kutosha za kumaliza, unasema wazi safari hii muda ndo kiini, na zikipita unavunja. Siku ngapi haijaandikwa popote, kinachotakiwa ziwe za haki kwa kiasi anachodaiwa, siku 30 kwa milioni 28 hakuna atakayekulaumu. Siku 3 wataona ulikuwa unamtega.

Barua yenyewe wala haihitaji maneno makubwa, kitu kama hiki:

"Kwa mkataba wa tarehe 12 Februari ulitakiwa kumaliza shilingi 30,000,000 ifikapo tarehe 12 Mei. Mpaka leo umelipa 2,000,000, zimebaki 28,000,000. Uvumilivu niliokupa unakoma leo. Nakupa siku 30 tangu upokee barua hii, na muda huu ndio kiini cha mapatano yetu. Zikipita hujamaliza, mkataba nimeuvunja, nitakurudishia fedha yako baada ya kukata hasara niliyopata, na nitakuwa huru kuuza kwa mtu mwingine."

Ipeleke kwa mkono asaini nakala, au mpe mtu wa kumpelekea ambaye anaweza kuja kusema nilimkabidhi, halafu piga picha umtumie na kwenye simu. Kama unaweza kumpata wakili aiandike kwa karatasi yake itamshtua zaidi, ila uzito wa kisheria ni ule ule.

---

Bint Sahare · Jumatatu saa 1:20 asubuhi

Swali mzee. Na akilipa siku ya 29?

---

Karani Mstaafu · saa 1:48

Umemuuzia kwa 45, na wa Pongwe na 52 zake anaondoka. Ndo gharama ya kumpa mtu nafasi. Asiyetaka hiyo hatari angevunja Mei.

---

Mzee Dalali · saa 2:35

Salaam. Nimefanya udalali Tanga tangu Chumbageni viwanja vinauzwa kwa bei ya baiskeli, niongeze kidogo kuhusu hela.

Hapa mtaani tunachanganya vitu viwili. Kuna arubuni, wengine wanaita kishika uchumba, mtu anakupa laki tano au milioni umshikie nyumba usimuuzie mwingine, akighairi imekwenda, kila mtu anaelewa hivo na ni ndogo. Halafu kuna malipo ya sehemu ya bei, kama hiyo 15. 15 katika 45 ni theluthi nzima, hiyo si kishika uchumba hiyo ni ndoa. Huwezi kuimeza yote kwa sababu karatasi ya steshenari imesema "haitarudishwa". Nimeona kaka mmoja Mikanjuni kajaribu, alizungushwa miaka minne na mwisho karudisha, tena na gharama za kesi juu.

---

Karani Mstaafu · saa 2:58

Mzee umenisaidia. Kifungu cha 74 kinahusika hapo, mkiandika kwenye mkataba kwamba atakayekosea atapoteza kiasi fulani, mahakama haikupi kiasi hicho kama kilivyo, inakupa fidia inayofaa isiyozidi hapo. Na fidia inayofaa inaanza na swali umepata hasara gani. Sasa dada tazama mwenyewe. Nyumba ulikuwa unauza 45, leo unapata 52. Kwenye bei hukupata hasara, umepata faida ya milioni 7. Utamwambia hakimu nini kuhusu 17?

Hasara yako ya kweli naiona kwenye wapangaji. Vyumba viwili elfu 80 kwa mwezi. Machi mpaka Mei alikuwa ndani ya muda wake, hiyo huwezi kumbebesha. Juni mpaka mwisho wa Novemba ni miezi sita, 480,000. Hapo ongeza gharama za barua ya wakili ukimlipa. Na hata hiyo atakuja na ile meseji yako kwamba ulimvumilia, kwahiyo ichukue kama kianzio cha mazungumzo.

Zilizobaki ni zake. Kifungu cha 64 kinasema anayeuvunja mkataba arudishe alichopokea.

Njia nyingine zipo kwa anayetaka, unaweza kumshtaki alipe milioni 28 zote achukue nyumba yake, lakini kumkaza mtu asiye na hela ni kujichosha, na mtu wa Pongwe hatakusubiri.

---

mlimani_mwakidila · saa 3:30

Kwani wasipomrudishia anafanya nini? Yuko Dar, ana aibu, hata simu hapokei

---

Nianjema · saa 12:05 jioni

Naomba nimjibu huyo wa mwisho maana mimi nilikuwa huyo "shemeji".

Niko Bagamoyo. Nilinunua kiwanja Kerege chenye hati, nikalipa nusu, nusu nikawa nasubiri mkopo. Mkopo ukachelewa, muuzaji nikawa namkwepa, nasema ukweli wangu, unaona jina lake kwenye simu unaigeuza simu kifudifudi mezani. Sio kwamba hela sitaki kulipa, aibu tu. Siku moja jirani ananipigia anasema kuna watu wanachimba msingi kwenye kiwanja chako. Ile aibu yote iliisha dakika hiyohiyo!! Nilikuwa nimekaa kimya miezi mitano lakini siku hiyo saa 8 mchana nilikuwa ofisini kwa wakili na wiki hiyohiyo tukaweka zuio kwa msajili wa hati. Zuio likiwepo hakuna kuhamisha jina. Mnunuzi wa pili kashatoa hela yote, kashanunua nondo, kaka wa watu analia, hajui lolote. Kesi ilienda zaidi ya miaka miwili. Mwisho mimi nilirudishiwa hela yangu bila kiwanja, muuzaji alilipa gharama, na yule wa pili alijenga amechelewa miaka miwili na bei ya simenti imeshapanda. Hakuna aliyefurahi.

Kwahiyo dada huyo shemeji yako amekaa kimya kwa sababu nyumba bado ipo. Ukiuza atapata sauti. Na atakachokwenda nacho polisi ni kwamba umejipatia hela yake kwa udanganyifu, mara nyingi watamwambia hiyo ni kesi ya madai nenda baraza, lakini wewe utakuwa ushaitwa kituoni mara tatu na jirani wameona.

Laiti yule muuzaji angeniandikia barua ya siku 30. Wallahi ningempigia.

---

Dada Mkubwa wa 14 · saa 1:50 usiku

Nimesoma yote mara mbili. Nianjema asante kwa kusema ukweli wako, hapo kwa simu kifudifudi nimemwona shemeji kabisa.

Kaka yangu nimemsomea kasema hawa wa mtandaoni wanakutisha. Sasa mzee wangu Karani, swali langu la kweli ni hili, hela ya kurudisha HATUNA. Nitavunja mkataba halafu 16 na ushee naitoa wapi? Warithi hakuna anayerudisha, nimewauliza kwenye grupu la familia wote wameona hakuna aliyejibu.

---

Karani Mstaafu · saa 2:40

Hiyo ndo shida ya kugawana kabla ya kumaliza, lakini yameshatokea.

Njia ninayoiona ni mtu wa Pongwe. Kaa nae umwambie kila kitu, na ninaposema kila kitu ni pamoja na tofali na kufuli, usimfiche kwa kuogopa atakimbia, akija kujua baadae ndo atakimbia na ndugu zake watakufuata. Halafu mkae watatu, wewe, shemeji, na yeye. Mnaandika makubaliano ya kusitisha mkataba wa kwanza, shemeji anasaini kwamba hana dai lolote kwenye nyumba akishalipwa kiasi fulani, na mnunuzi mpya katika fungu lake la kwanza anamlipa shemeji moja kwa moja, benki kwa benki, isipite mkononi kwa ndugu zako hata kidogo (nisamehe). Zinazobaki ndo za warithi. Siku hiyohiyo anakabidhi ufunguo na anaandika siku ya kuondoa tofali. Ukipata saini yake hiyo huhitaji hata kusubiri siku 30 ziishe, watu wawili waliofunga wanaweza kufungua muda wowote wakikubaliana. Lakini notisi tuma hata hivyo. Bila notisi hatakuja mezani.

Kufuli usikate. Hata ukiwa na haki, mtu akishashika sehemu unamtoa kwa hiari yake au kwa amri, sio kwa tupa usiku.

---

Bint Sahare · saa 3:12

Na asipokuja mezani na siku zikaisha?

---

Karani Mstaafu · saa 3:33

Basi ni baraza. Lakini hauendi moja kwa moja la wilaya, unaanzia baraza la kata, siku hizi kata haiamui kesi ya ardhi, tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kuwasuluhisha ndani ya siku 30 na wakishindwa wanakupa cheti cha kwamba imeshindikana, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halikupokei, labda siku 30 ziwe zimepita kata haijawasuluhisha. Watu wengi wanarudishwa mlangoni kwa sababu hii. Kwa thamani ya nyumba yenu baraza la wilaya linatosha kabisa, kwenye kudai ardhi lina uwezo mpaka milioni 300.

Lingine dogo la kuudhi, mkataba wenu wa steshenari nina hakika haujalipiwa ushuru wa stempu. Usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi, anayetaka kuutumia atalipia na faini juu. Na ule wa pili na mtu wa Pongwe, tafadhali, nendeni kwa wakili. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaonyesha tu kwamba alikuwepo akaona. Pia wekeni akilini kodi ya TRA ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza mali, kabla jina halijahama, isije ikawa hela ishagawanywa tena.

---

Mzee Dalali · saa 3:41

Na mwandike neno "muda ni kiini cha mkataba huu" na tarehe, na anachopoteza akichelewa kiwe kiasi cha kueleweka. Hiyo peke yake ingekuokoa maneno yote haya.

---

Simba wa Kange · saa 4:05

Mimi narudisha maneno yangu. Ila kaka yako na bodaboda yake 😅

---

Dada Mkubwa wa 14 · Jumamosi, wiki ya nne baadae

Assalaam aleykum wote. Nimerudi kuwapa majibu maana sio vizuri mtu asaidiwe halafu apotee.

Barua niliiandika kama mzee Karani alivyoiweka, nilibadili kidogo tu, nikampa binti wa dada yangu anaesoma Dar akampelekea mpaka kazini kwake, akasaini nakala, na picha nikamtumia. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa saa 12 asubuhi simu inalia, SHEMEJI. Miezi minne hapokei, leo anapiga yeye. Neno la kwanza "shemeji wewe si ulisema nyumba haikimbii?" Nikanyamaza. Nikamwambia shemeji haijakimbia iko palepale wewe ndo umekimbia. Akacheka, alhamdulillah alicheka, hapo ndo tukaanza kuongea kama watu.

Kumbe mkopo wa kazini ulikataliwa tangu mwezi wa nane na alishindwa kuniambia. Mke wake hata hajui kama hakumaliza, binamu yangu alikuwa anajua nyumba ni yao na kashachagua rangi ya mapazia. Mimi niliumia hapo zaidi kuliko kwenye hela.

Wiki iliyofuata walikuja wote wawili. Tukakaa sebuleni kwa mama mdogo Makorora, mimi, wao, mtu wa Pongwe na mkewe, na wakili mmoja tuliyemlipa nusu kwa nusu mimi na mtu wa Pongwe. Nikaweka mezani 480,000 ya kodi za wapangaji. Shemeji akaleta ile meseji kama mzee alivyosema, neno kwa neno! Tukavutana, mama mdogo akaleta kahawa na halua akasema kateni ya kati niende kupika, tukakata 400,000. Kwahiyo katika 17 anarudishiwa 16,600,000. Mtu wa Pongwe kamwingizia benki siku ya pili, stakabadhi ninayo, shemeji kasaini kwamba hana dai lolote. Zinazobaki 35 na ushee wakili kasema zikae mpaka TRA imalizwe ndo tugawane, kaka yangu hakufurahi lakini safari hii nimemwambia jina kwenye karatasi ni langu.

Tofali shemeji kasema anakuja na kirikuu Jumamosi ijayo kuzitoa, mtu wa Pongwe anataka azinunue hapohapo bado hawajaelewana bei.

---

Nianjema · saa 5:20 usiku

Mashallah. Mwambie shemeji salamu kutoka kwa mwenzake wa Bagamoyo.

---

Simba wa Kange · saa 5:31

Na kufuli?

---

Dada Mkubwa wa 14 · saa 5:44

Ufunguo kanikabidhi. Kufuli lenyewe anasema ni zuri la elfu 25, atakuja kulichukua siku ya tofali 😂